Jina ya Nkandu kwenye Diski ya Simone

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa kumi, 1972

Nimefungua kaye mupya ya kuandikia. Ile ya zamani imejaa makosa ya bantu bengine. Hii itakuwa ya ushindi yangu.

Habari ni moja: Simone anataka kuniacha.

Simone ni mupangaji yangu. Mwimbaji. Mukasai, lakini musafi. Mwaka muzima anakaa katika chumba ya nyuma, ile ya marehemu yaya yangu, dada mukubwa, Nkandu. Asubuhi anafagia na kuimba, na lupango, kiwanja yangu yote, inakuwa na muntu ndani. Kabla yake ilikuwa mimi na kuku tu. Mutoto yangu Chomba iko Likasi, hata Noeli haji.

Sasa jirani yangu Mama Amida, bibi ya Sumaili fundi wa nguo, amemuonyesha Simone chumba mupya upande wa kwake. Sima chini, saruji ya kweli. Dirisha mbili. Rideau ya maua inazifunika! Tena anamushonea robe ya kupiga picha ya diski. Bure! Mwizi wa bantu yule!

Maana Simone anatengeneza diski. Diski kubwa, nyimbo kumi. Nyimbo za soul, zile za zamani za beusi ba Amerika, zile plaki (diski) zilikuwa zinapita mupaka ya Mokambo kutoka Zambia, na bavijana ba hapa balikuwa banazichezea mpaka viatu vinaisha. Nimezisikia. Ni muntu analalamika kama chakula imemuungulia, halafu anasema beibi. Lakini Simone akiziimba, mimi ninaacha sombe, majani ya mihogo, katika kinu ninasikiliza. Sitamuambia. Ataota mapembe.

Mupango ya leo: nilimuambia kama katika ile chumba ya Amida balionaka nyoka. Mweusi, munene kama mukono. Simone alicheka. Akasema Mama Amida alishamuonya kama kambo (vile ananiita, mama muzee) atakuja na habari ya nyoka.

Ule mwanamuke!

Siku ya pili, tarehe 3

Mungu anapenda benye akili.

Leo nilibeba chakula kwa Clément, ili Simone asisahau nani anamulisha. Clément anatengeneza ma-radio. Nyuma ya duka yake aliweka mashine ya kushika sauti, ile ya bande, utepe wa kuzunguka, na matela (magodoro) ya zamani kwenye ukuta ili makelele ya barabara isiingie. (Banasema tusimuite tena Clément, serikali imekataza majina ya Bazungu. Mimi nilikuwa kanisani siku alibatizwa. Alikojolea padri. Ni Clément.)

Tulikuwa tunakula, kijana ya parti, chama ya serikali, akaingia. Amevaa abakosti, koti ya parti, na rejista kwapani. Akauliza jina gani itaandikwa juu ya diski. Simone akasema: Simone. Kijana alicheka kama mulango bila mafuta. Akasema diski ya Simone radio haitaipiga hata siku moja. Lete jina ya bankambo, ya bababu, kabla ya siku ya posho, tarehe 7.

Simone akaanza kulia. Alilelewa na masista huko Kasai. Hakuna muntu alimuambiaka hata jina ya mama yake, jina ya nkambo ataitosha, ataitoa wapi? Clément aliangalia chini. Symphorien, mupiga gitari, aliangalia nyama katika sahani ya Simone.

Nikasimama. Nikasema: jina iko. Nkandu. Yaya yangu wa tumbo moja.

Muone akili! Kwetu, muntu akipewa jina ya mufu, haitwi tu. Ni yeye. Mufu amerudi, tunamupokea, tunamuheshimia vile tulimuheshimia. Basi Simone akiwa Nkandu, ni dada yangu, na chumba ya nyuma ni chumba yake. Dada mukubwa anahama kwenda kupanga kwa jirani? Haijaonekana! Nimemufunga na jina kama mbuzi na kamba, na yeye mwenyewe alinishukuru.

Kijana akauliza kama Nkandu ni jina ya kweli ya kiasili. Nikamujibu kama mwenye jina alizikwa bila kuvaa viatu hata siku moja katika maisha. Akaandika.

Saa kumi nilifanya kazi yenyewe. Nilimuketisha Simone kwenye mukeka mbele ya mulango ya chumba. Nikamupaka pemba, udongo nyeupe, kwenye paji na mikono. Nikamupulizia maji kifuani. Nikaita mara tatu: Nkandu, rudi, nyumba ni yako.

Amida alikuwa anachungulia juu ya fensi, sindano kinywani. Aliitosha ili aniulize: Mama Chomba, uliomba ruhusa kwanza? Uliomba na masamaha? Mutaa yetu ya Kamalondo yote inajua kama wewe na marehemu mulisemezana kwa kuku miaka mbili. Nikamuambia ashone.

Ile ya kuku ni kweli. Yaya alininunia. Nyumba moja, moto moja, na hanisemeshi. Akitaka chumvi anaangalia kuku, anasema: Kuku, ambia ule mama alete chumvi. Na mimi nina kichwa pia, nilikuwa ninamujibu kuku. Mpaka siku alikufa. Lakini ni mambo ya zamani, na kosa haikuwa yangu.

Kitu kimoja tu. Nilipoita jina mara ya tatu, kuku bote balikuja. Balijipanga mbele ya mulango, macho ndani. Bila kuchakura. Niliwatupia mahindi. Hawakuangalia.

Kuku ni bajinga.

Siku ya tatu, tarehe 4

Asubuhi Simone hakuimba.

Sauti ilitoka chumbani: Mudogo! Chai!

Nilicheka. Nikasema muzuri, mutoto amejua kucheza kazi yake. Nikapeleka chai. Akasema ni baridi. Akasema tena kama mudogo anapiga magoti mbele ya yaya yake, hasimami kama polisi. Ni kweli, desturi iko hivyo, mimi mwenyewe nilimuweka pale. Nikapiga magoti. Yalilia kama kuni.

Saa sita nilipika kuku moja (ule ulikuwa unaangalia mulango kupita bengine). Firigisi ni ya mukubwa. Miaka tatu ninakula firigisi peke yangu, kwa raha. Simone alinyoosha mukono, akaitosha kwenye sahani yangu, akaitafuna upande wa kushoto, jicho moja limefungwa. Yaya alikuwa anatafuna vile. Jino ya kuume ilimuuma tangu tulikuwa tunalima Lukafu.

Nani alimuambia huyu mutoto ya masista?

Halafu alienda kuoga. Alirudi chumbani, miguu maji, akaacha alama kwenye sima ya baraza. Niliinama kufuta. Muguu ya kuume, vidole tano. Muguu ya kushoto, vidole nne.

Yaya aliacha kidole kidogo katika shamba ya Lukafu. Jembe.

Nilingoja alama ikauke. Haikukauka upesi, na jua ilikuwa kali. Halafu nikaenda kumuangalia Simone, amekaa juu ya mukeka. Nikahesabu vidole vyake. Kumi. Nikahesabu tena. Kumi. Akauliza ninahesabu nini. Nikasema nzi.

Lakini mupango inatembea! Mchana Amida alikuja kumuita aende kuona kitanda mupya. Simone hakusimama hata. Akasema kwa ile sauti nzito: nyumba yangu ni hii, sitoki mpaka nipewe kintu yangu. Amida akabeba robe alileta kumupimia, akasema anaenda kuipunguza.

Apunguze! Nimemushinda.

Kintu gani, sikuuliza.

Siku ya ine, tarehe 5

Mawe, mama yangu weee!

Nitaandika pole pole.

Nilienda tena kwa Clément na chakula. Clément alikuwa na furaha kama muntu ameoa. Anasema sauti ya Simone imeshuka, imekuwa nzito kama pombe ya munkoyo ya siku tatu, na nyimbo za zamani zinataka sauti ya muntu mwenye aliishi. Balikuwa bamemaliza nyimbo saba. Ya nane ni ya pole, ya mwanamuke anangojea mulangoni. Katikati Simone ananyamaza, gitari ya Symphorien inalia peke yake, halafu anaingia tena.

Wakati wa gitari, Simone alikuwa anakunywa maji. Kikombe nilikishika mimi. Midomo yake ilikuwa kwenye kikombe. Naapa kwa Bikira.

Wimbo ikaisha. Clément akarudisha bande ili tusikilize. Simone anaimba, muzuri. Gitari inaingia, muzuri. Na ndani ya gitari, muntu anasema. Karibu sana, kama muntu amebusu mashine:

Kuku, ambia ule mama arudishe sufuria.

Kikombe ilianguka.

Symphorien aliuliza, tangu lini Bamerika banatafuta sufuria katikati ya wimbo. Hakuna alicheka. Clément aliangalia nyuzi, akaangalia nyuma ya matela. Akasema labda bande ilitumika zamani, kuna maneno yalibakia. Akairudisha tena, ile ile bande, mahali pale pale.

Mara ya pili ilisema maneno mengi kupita mara ya kwanza:

Kuku, ambia ule mama arudishe sufuria. Iko chini ya kitanda.

Simone alisema hajui ni sauti ya nani. Wote balianza kuulizana kitanda gani. Mimi nilichukua sahani zangu nikatoka.

Sasa nitaandika kweli, kwa maana hii kaye hakuna mwenye kuisoma. Yaya alikuwa na sufuria. Aluminiamu, kubwa, mutoto wa masomo anaweza kuoga ndani. Sufuria ya kilio. Muntu akikufa Kamalondo, banakuja kumuomba Nkandu sufuria, Nkandu anaenda nayo, Nkandu anapewa kiti ya mbele, Nkandu asante, Nkandu Mungu akubariki. Na siku moja, kwenye kilio ya bantu, mbele ya bamama bote, alisema bukari (ugali) ya Albertine, ni mimi, iko na mabonge.

Mabonge!

Nilificha ile sufuria. Nilisema bezi baliichukua. Nilitaka kumuchokoza siku mbili tu. Lakini alijua, akaanza kusemesha kuku, na mimi sikuweza kuitosha bila kuonekana. Siku mbili zikawa miaka mbili. Halafu akafa. Kwenye kilio yake mwenyewe tulipika katika sufuria ya kuazima, ya Amida, na bantu balisema: ona, mwenye kupikia mutaa muzima hana sufuria.

Yake ilikuwa chini ya kitanda yangu. Iko pale sasa. Niliigusa kwa muguu mbele ya kuandika. Ni ya moto.

Siku ya tano, tarehe 6

Amida alikuja asubuhi, alisikia kwa Symphorien (mudomo kama ya bata). Hakunichokoza, na hiyo iliniudhi zaidi. Alisema dawa yangu ni neno moja: nilikosa. Niitoshe sufuria, niseme nilikosa, niende nikalale. Alisema marehemu hataki kingine, wallahi, hata yeye Amida angekuwa maiti asingetaka kingine.

Neno moja! Anajua uzito yake? Mimi sijaisema kwa bwana yangu, sijaisema kwa padri. Kwa padri ninasemaka makosa ya bwana yangu.

Mimi niko na njia ya akili. Jina ndiyo ilimuleta, basi jina itatoka. Nikavaa maputa yangu ya sikukuu, nikaenda kwenye ofisi ya ule kijana ya parti. Nikamuambia kwa sauti ya raia mwema: ndugu, nilikudanganya, Nkandu si jina ya hapa. Ni ya upande wa Zambia. Si asili yetu. Futa.

Kijana akaweka kalamu chini. Akauliza: basi dada yako alikuwa mugeni? Nikasema, kidogo. Akauliza: na wewe, wa tumbo moja, ni nani? Lete karte, kitambulisho yako.

Nikatosha karte. Imeandikwa Albertine.

Yo! Alipiga mukono kwenye meza. Mwezi wa kumi, na citoyenne, mwananchi, bado anatembea na Albertine mufukoni! Amenipa mpaka siku ya kwanza ya juma, tarehe 9, niwe na jina ya kiasili, au nitaelezea bakubwa bake. Na Nkandu, alisema, imeshapigwa muhuri. Muhuri haipanguliwi. Sasa Nkandu ni mali ya serikali.

Nilikuwa mulangoni akaniita. Akauliza kwa heshima ya gafula: citoyenne, ule mama ulikuja naye, mwenye kuchechemea, ameenda wapi?

Nikasema nilikuja peke yangu.

Akanyoosha kidole kwenye benchi, kando ya mahali nilikaa. Benchi ilikuwa nyeusi, safi. Katikati kulikuwa unga ya pemba, nyeupe, mahali pa matako ya muntu munene.

Mimi ni mwembamba.

Siku ya posho, tarehe 7

Leo ndiyo mwisho ya kazi ya diski. Na leo bande zote ziliharibika.

Clément alikuja kwetu mwenyewe, hajalala, shati nje. Anasema sauti imeingia kila wimbo. Mahali Simone anapumua, pale inasema. Anafuta, inarudi na nguvu. Kwenye wimbo ya pili inaniita kwa jina. Kwenye wimbo ya tano haisemi kitu, inakohoa tu, ile kikohozi ya siku za mwisho, na mimi ninajua ile kikohozi, ilikuwa inapita kwenye ukuta, na nilikuwa ninageuka upande mwingine.

Alisema: Mama Chomba, kama haitoki leo, hakuna diski. Mashine inarudi kwa mwenyewe kesho. Na bila diski Simone anarudi Kasai, atafanya nini hapa?

Basi ikanijia kichwani mupango ya mwisho. Mufu anataka sufuria. Hakusema ataipima! Niliruka kwa Amida, nikaazima ile sufuria yake kubwa, nikasema ni ya kulowanisha mihogo. Nikaisugua na majivu. Nikaiweka mbele ya mulango ya chumba, mbele ya kuku, nikasema kwa sauti: Yaya, kintu yako hii, tumalizane.

Ilikuwa saa sita, jua juu, moshi ya kompani ya shaba imesimama hewani. Kuku balikuwa kwenye mustari. Halafu sufuria ya Amida ikageuka. Hakuna muntu aliigusa. Ilijiinua upande moja, pole pole, ikalala kifudifudi, kama vile yaya alikuwa anageuza sahani ya muntu hajaosha vizuri.

Na Amida alikuwa amesimama nyuma yangu. Kumbe alinifuata kuona hiyo mihogo.

Honi ya kompani ikalia. Mulango ikafunguka. Simone akatoka, pemba bado kwenye paji, siku ine na haijafutika na maji anaoga. Alichechemea. Alikaa juu ya mukeka. Clément alitosha kofia, sijui kwa nini. Akaniangalia, na macho haikuwa ya mutoto ya miaka makumi mbili na saba. Hakuangalia kuku. Miaka tano, mara ya kwanza hakuangalia kuku.

Akasema: Albertine. Sufuria yangu iko wapi?

Ilikuwa sauti ya kuchoka tu. Hata hasira haikuwa ndani. Ningetaka ikuwe na hasira.

Niliingia ndani. Nikavuta sufuria chini ya kitanda. Ilikwaruza sima, gwaaa, mutaa muzima ulisikia. Nikaibeba mpaka nje, nikaiweka mbele yake. Ilikuwa na vumbi, na ndani yake kulikuwa viatu vyangu vya zamani. Wote balikuwa banaona. Amida alishika mikono yangu, akanisemea polepole katika sikio: sasa, mama, sema, ni neno moja.

Nilifungua kinywa. Neno ilikuwa pale. Naapa, ilikuwa kwenye ulimi, niliionja.

Nikasema: Aka! Angalieni! Bezi bameirudisha!

Kuku moja akageuka, akaenda. Halafu wa pili. Wote, moja moja, kama bantu banatoka kanisani wakati wa mahubiri mubaya. Amida alifunga macho.

Simone alitosha viatu vyangu ndani ya sufuria, akavipanga vizuri chini, kiatu kando ya kiatu. Akaweka sufuria juu ya kichwa. Akatoka kwenye lupango, akichechemea, akaenda mpaka mulango ya Amida. Alipovuka tu kizingiti cha kule, alisimama. Akageuka. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kwake, ya asubuhi:

Kambo, kwa nini nimebeba sufuria?

Amida alimuingiza ndani, akamupangusa pemba na kitambaa. Ilitoka mara moja.

Saa tisa baliimba wimbo ya kumi. Clément alisikiliza bande zote, mwanzo mpaka mwisho. Safi. Hakuna hata kikohozi. Banasema alilia.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Simone amehama. Alinikumbatia muzuri, akasema kambo, ni hapa kando tu, nitakuja kukusalimia. Kando tu! Ninasikia anafagia kule. Anaimba kule. Amida amepika katika sufuria ya Yaya kwa kufurahisha kazi ya diski, na Clément amesema nyuma ya diski itaandikwa asante kwa Mama Amida, kwa robe na kwa chakula. Na mbele, kwa herufi kubwa, sababu ya muhuri: NKANDU.

Albertine hakuna. Hata pembeni.

Niliambiwa nije kula. Nilituma habari kama tumbo inaniuma.

Nilifagia chumba ya nyuma mwenyewe. Nikafunga dirisha, nikafunga mulango na kufuli, nikaketi nje. Nikasema basi, sasa ni mimi na kuku tu.

Honi ya saa sita ikalia. Ndani ya chumba, nyuma ya kufuli:

Mudogo! Chai!

Kumbe yeye hakuhama. Alimuachilia Simone tu.

Ungefanya nini? Nilipika chai. Niliiweka chini ya dirisha, nikapiga magoti. Nilipogeuka, kikombe ilikuwa tupu, kavu, imegeuzwa kifudifudi. Akasema mahindi yangu ya jana ilikuwa na mawe. Akasema na bukari, bado iko na mabonge. Aliniambia mimi, kwa jina yangu, si kuku.

Nilikaa pale mpaka jua ikashuka kidogo. Tuligombana muzuri.

Siku ya tatu, tarehe 11

Siku ya kwanza, tarehe 9, nilienda kwa kijana ya parti na jina yangu mupya. Nimechukua Chomba, jina ya mutoto yangu. Iko hai, iko Likasi, hawezi kunisumbua. Ona akili.

Lakini yaya ni wa kusema tu. Hafagii. Habebi maji. Haimbi, hajui hata wimbo moja, anajua kukohoa. Lupango inataka muntu mwenye damu.

Na leo nani alikuja mulangoni kwangu, kofia mukononi? Symphorien, mupiga gitari. Analala kwa barafiki tatu katika chumba moja. Kijana ya parti amemukamata pia: jina yake itaandikwa nyuma ya diski, na Symphorien haiwezekani. Anauliza kwa heshima kama mama bado iko na jina ya kumugawia.

Nilimuangalia. Mabega ya kubeba maji. Shingo itasafishwa. Na usiku atanipigia gitari, na Amida atasikia upande wa kwake.

Jina iko! Musonda. Marehemu bwana yangu. Muntu ya pole, alifanya kazi kwa kompani miaka makumi mbili bila kupigana. Akipewa jina yake, Symphorien ni bwana yangu kwa desturi, na bwana hahami nyumba. Na Musonda alikufa bila hasira na mimi. Karibu bila hasira. Ilibakia tu habari ya velo (baiskeli) yake, na hiyo velo haiko tena, hakuna muntu ataiona, na mwenye kuichukua sikumujua vizuri sana.

Nimemuambia aje kesho saa sita, amekula, amevaa shati nyeupe. Pemba nimeshakoroga. Mukeka nimeshatandika.

Katika chumba ya nyuma muntu ameanza kucheka, ile kicheko ya kushika tumbo, mpaka kufuli inacheza. Nimemupigia mulango na ufagio. Nimemuambia anyamaze, aache benye akili bafanye kazi.